Kiti cha Mbeba Mikate

Kiti cha baiskeli kilichomwangusha Metwalli kilikuwa laini kuliko mto wa bibi harusi, na fundi aliyekishona alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale alipoangukia.

Hilo ndilo lililomkaa Zeinhom rohoni. Angekuwa nyumbani, angesikia habari kwa watu, na habari za watu hazikosi upenyo wa kujitetea. Lakini asubuhi ile alitoka makusudi, akanywa chai amesimama mbele ya mkahawa wa kona ya Bab el-Khalq, apate kumwona mkwewe akipita juu ya kazi ya mikono yake. Alimwona akija: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeinuliwa kushika ukingo wa kichanja cha fito za mtende. Kichanja kilikuwa kirefu kama kitanda, kimepangwa mikate ya moto tabaka mbili, kimetulia juu ya kichwa cha Metwalli kana kwamba kiliota hapo. Alimwona akikunja kiuno kidogo ili baiskeli ikate kona. Kisha akaona jambo ambalo pengine mtu mwingine asingeliona. Kiuno kilikunjwa, baiskeli haikufuata. Kiti kilizama upande, kikammeza Metwalli, kikamrudisha kwa kuchelewa, na kule juu kichanja kikawa kimeshika njia yake.

Magari yalifunga breki. Honi moja ilianza kulia kwa hasira, halafu ikakatika, maana dereva alikuwa ameona ni nini kilichotapakaa mbele ya magurudumu yake. Katika mji ule mtu akianguka barabarani anaweza kutukanwa kabla hajajuliwa hali. Mkate ukianguka, kila mtu anashuka. Dereva wa basi dogo, mama aliyekuwa akimpeleka mwanawe shule, askari wa barabarani na filimbi yake mdomoni, wote waliinama. Waliokota mkate mmoja mmoja, wakaubusu, wakaugusisha kwenye paji la uso, wakaupanga juu ya ukuta wa mkahawa ambako mguu wa mtu haufiki. Kazi ile ilifanyika karibu kimya. Sauti iliyosikika ni ya Metwalli, aliyekuwa ameketi juu ya lami akilipiga kofi paja lake la kushoto kama anayemwamsha mlevi.

"Mguu uko wapi?" alikuwa akisema. "Jamani, mguu wangu siusikii!"

Zeinhom aliinama pamoja na wengine, akaokota, akabusu. Hakuthubutu kumkaribia mkwewe mpaka barabara ilipokuwa tupu.

Mwenye tanuri, Haji Abdel-Zaher, hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu. Alikuwa ameketi juu ya gunia la unga mlangoni, tasbihi mkononi, akamsubiri Metwalli aingie akiburuta baiskeli.

"Umeumia?"

"Kiwiko tu, Haji."

"Alhamdulillahi." Akavuta punje mbili tatu za tasbihi. "Sasa nisikilize, mwanangu. Wewe na mimi tumetoka mbali. Lakini juzi mkate ulifika Ataba umepoa, na leo haukufika kabisa. Wauza maharage wananipigia simu kama mimi ndiye niliyemuua baba yao. Na Farghali ana guta."

Farghali alikuwa ameegemea guta lake la pikipiki, lile lenye sanduku la bati nyuma, akijifanya anafuta kioo ambacho kilikwisha kufutwa.

"Guta haliingii vichochoro vya Ataba," alisema Metwalli.

"Litasimama mwanzo wa kichochoro. Nitatafuta mtu wa kutembea."

"Mkate utembee? Utafika una mvi, Haji."

Wapakiaji walicheka. Haji hakucheka. "Jumamosi," alisema. "Nakupa Jumamosi. Uufikishe mkate wote Ataba, mzima na moto, njia ibaki yako. Ukishindwa, tutaombeana riziki." Akakitazama kile kiti chekundu cha mahameli, kilichokuwa kimepinda kwenye nguzo yake. "Na hicho kirudishe sebuleni, wageni wakikalie."

Safari hii walicheka wote, hata Farghali. Zeinhom, aliyekuwa amefika na kusimama nje ya mlango, alicheka pia, cheko la mtu asiyejua afanye nini na uso wake.

Zeinhom alikuwa mshona matandiko ya punda, mtoto wa mshona matandiko, katika kichochoro cha Darb el-Ahmar ambacho zamani kilikuwa na mafundi wa kazi hiyo pande zote mbili. Mmoja baada ya mwingine walifunga. Wa mkono wa kulia aligeuza duka kuwa la simu, wa mkono wa kushoto alikufa na wanawe wakauza hadi mlango. Zeinhom alibaki kwa sababu vichochoro vya nyuma ni vyembamba mno, na ukuta wa zamani ukibomoka huko, kifusi chake bado kinatolewa na punda. Mgane, mikono imejaa sugu, aliishi chini pamoja na matandiko yake. Juu aliishi binti yake Nagat na mumewe Metwalli.

Ganzi ya Metwalli ilianza kama mzaha. Alirudi mwisho wa majira ya baridi akisema mguu wake mmoja umelala barabarani na hataki kuuamsha. Baadaye hakusema tena, na kutosema kwake ndiko kulikomtisha Nagat. Alimwona akishuka ngazi asubuhi kwa kushika ukuta. Daktari wa zahanati aliwaambia wazi: kiti kile cha chuma, chembamba, kinambana katikati ya mapaja, kinasonga mishipa. Abadilishe kiti au aachane na baiskeli. Metwalli alibeba mikate tangu hajaota ndevu. Hakuwa na kazi nyingine mwilini mwake.

"Baba," Nagat alimwambia Zeinhom jioni ile, "punda wa watu unawashonea wanalala raha. Mkweo anakufa nusu mwili hapo juu."

Ndipo Zeinhom akashona. Alinunua pamba bora kwa mshona magodoro, akaiweka juu ya sponji, akaifunika mahameli nyekundu. Hakutaka mume wa binti yake akalie kitu kinachonuka punda. Watu wa mtaa walipita wakakibonyeza kwa kidole na kusema mashallah. Hata Metwalli alipokikalia mara ya kwanza bila mzigo alifumba macho kwa raha. Siku ya pili ndiyo iliyomlaza Bab el-Khalq.

Sasa Zeinhom alikaa mbele ya kiti kile, amekipasua tumbo, pamba imetoka nje, asijue alipokosea. Ilikuwa laini. Alitaka raha, akaweka raha. Kama laini haikufaa, basi nini? Alifikiri kuongeza pamba. Alifikiri kupunguza. Kila alipofumba macho aliona kichanja kikiondoka juu ya kichwa, na nyuma yake basi dogo lililofunga breki kwa bahati. Bahati haina miadi. Dereva wa siku nyingine angeweza kuwa anatazama simu, na Nagat angevikwa nyeusi kwa sindano ya baba yake mwenyewe.

Alhamisi alikuja mbeba kifusi aitwaye Shahat, anamvuta punda wake kwa sikio na kulalamika tangu mbali.

"Fundi, mwone huyu mwana haramu! Nimemnunulia tandiko jipya sokoni, sponji tupu, na bado anagoma kupanda mtaa. Analala chini! Mbele za watu!"

"Umemtandika tangu lini leo?"

"Tangu alfajiri."

Zeinhom alilegeza mikanda, akalinyanyua tandiko polepole, akainama kutazama mgongo kabla upepo haujaupiga. Hivi ndivyo baba yake alivyomfundisha, na hakuna mshona matandiko asiyejua: mnyama akitoka kazini, mgongo wote huwa umelowa jasho, na mahali palipobaki pakavu ndipo panapoonewa. Pakibanwa sana, hata jasho hukosa njia. Punda wa Shahat alikuwa amelowa pande zote mbili za mbavu, na katikati, juu ya uti wa mgongo, palikuwa na mstari mkavu, manyoya yamesimama.

"Sponji inadidimia," alisema Zeinhom, akisema kwa mazoea tu. "Ikishadidimia, mzigo wote unamkaa kwenye uti. Ungemfungia mbao mbili mbavuni ukaacha katikati wazi, angekushukuru zaidi. Wewe umenunua kitu cha kupendeza mkono wako sokoni. Mkono haubebi. Tandiko ni la anayebeba."

"Basi mshonee lake."

Zeinhom alikuwa akiligeuzageuza tandiko mikononi.

Maisha yake yote hakupata kumpa punda pamba. Punda alipewa mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa mpaka yakawa kama mti, pande mbili, na katikati mfereji ambao hata unyoya haugusi. Lakini mkwe alipohitaji kiti, alimfanyia kama mgeni aliyekuja kunywa chai. Kwa heshima alikuwa amesahau kwamba Metwalli hakai juu ya baiskeli. Metwalli anabeba. Uzito wa kichanja unashuka kichwani, shingoni, mgongoni, na unaishia pale kitini.

"Niachie huyu mpaka kesho," alimwambia Shahat, akapanda juu kwa mkwewe.

Hakujua namna nzuri ya kulisema, akalisema vibaya.

"Metwalli, nataka nikupime kama ninavyopima punda."

Metwalli alikuwa amenyoosha mguu juu ya kochi, Nagat anaukanda kwa mafuta. Aliutazama ukuta kwanza.

"Ami," alisema, "mtaa mzima unaniita kochi. Tangu juzi! Farghali akiniona ananiuliza kama nataka na mto wa miguu. Sasa wewe unataka waniite punda?"

"Hawatajua."

"Watajua! Hapa mtu akikohoa, kichochoro cha pili wanamwambia pole!"

"Nataka kujua tu mifupa yako inagusa wapi. Nilifikiria, pale tanurini, mkiwa na unga uliokandwa, ukae juu yake kidogo, alama itabaki ..."

Mikono ya Nagat ilisimama juu ya mguu.

"Juu ya unga," alisema Metwalli taratibu. "Neema ya Mungu. Nikalie."

"Astaghfirullahi, sikuwa na maana ..."

"Juzi umeimwaga barabarani, leo unataka niikalie! Ami, toka. Wallahi nakuheshimu, lakini toka kabla sijasema neno."

Zeinhom alishuka. Aliketi kwenye kizingiti chake, sikio linamwaka. Haikupita muda Nagat akateremka na fungo la nguo kifuani, kajitanda mtandio kama anayebeba kitu cha wizi. Alirudisha mlango nyuma yake.

"Amepitiwa na usingizi, hajui kama nimezichukua," alisema. "Hizi ni za kazini. Sijazifua."

Zilikuwa suruali mbili. Alisita, maana si jambo dogo mwanamke kumgeuzia baba yake nguo za mumewe ndani nje. Akazigeuza hata hivyo, akaziweka chini ya taa bila kumtazama usoni.

Kitambaa kilisema yote. Pale katikati kilikuwa kimelika hadi kikawa kama utando, kimepigwa viraka juu ya viraka. Kulia na kushoto, ambapo mifupa ya makalio ingepaswa kuubeba mwili, kitambaa kilikuwa kipya, hakina hata mng'ao. Kile kiti cha chuma kilikuwa chembamba mno, mifupa ilining'inia nje yake, na mtu mzima pamoja na mikate yake alikaa juu ya nyama laini na mishipa. Zeinhom alitafuta mahali mifupa ilipokuwa imejichora kidogo tu, akaweka vidole vyake vinne baina ya alama na alama, akavishikilia hivyo, vidole vimetanuka, mpaka alipovipimia kwenye kipande cha ngozi.

"Inatosha?" Nagat aliuliza.

"Inatosha."

"Baba, kama huna uhakika, sema sasa. Nitamwambia amwachie Farghali njia. Atanichukia mwezi mmoja, basi. Tutakula chochote."

Zeinhom alitaka kusema ana uhakika. Alikuwa na uhakika na punda.

"Zirudishe suruali kabla hajaamka," alisema.

Ijumaa, baada ya swala, alifanya kazi mlango umefungwa. Mhunzi jirani alimkatia bati la kiti cha zamani, akaondoa katikati yote na kulifupisha pua yake ya mbele. Juu yake Zeinhom alifunga mito miwili ya mabua ya mpunga, akayalowesha, akayashindilia kwa nyundo ya mti mpaka yakagoma kupokea hata ncha ya shazia, sindano yake nene. Akayavika sufu iliyogandamizwa, kidole kimoja unene, si zaidi. Kisha ngozi nene, iliyotobolewa kwa msharasi na kushonwa kwa uzi wa nta, mishono ikielekea chini isije ikakwaruza paja. Katikati alibakisha mfereji mtupu. Ukikishika kile kiti juu ya taa, uliona mwanga upande wa pili. Hakikuwa kizuri. Kilifanana na tandiko la punda mchanga.

Punda wa Shahat alilala nje akitafuna. Tandiko lake lilikuwa bado halijaguswa.

Metwalli alikiona kiti kikiwa tayari kimefungwa kwenye baiskeli, Jumamosi, anga ndiyo kwanza linapauka.

"Hiki kimekatwa pua," alisema.

"Pua ndiyo iliyokuwa ikikubana."

Akakibonyeza kwa kidole gumba. Kidole hakikuzama. "Jiwe."

"Kaa."

"Ami, hili ni jiwe lenye ngozi."

"Zunguka nacho kichochoroni mara moja, bila mzigo, usikie ..."

"Hapana." Metwalli aliusukuma mlango kwa gurudumu. "Kile chekundu nilikizungukia bila mzigo, kikaniambia uongo mtamu. Hili jiwe litasema na mimi likiwa na mikate juu, mara moja. Likiniua, angalau nitakuwa nimekufa kwa kitu kigumu."

Juu dirishani Nagat alisikia. Akafunga dirisha.

Tanurini walikuwa wakisubiri kama watu wanaosubiri mpira wa penalti. Haji alisimama. Wapakiaji wawili walikiinua kichanja kilichojaa, mvuke unapanda, wakakishusha juu ya kichwa cha Metwalli akiwa tayari juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. Alijisukuma, akakaa. Uso wake ulijikunja.

"Kochi limeondoka, punda amekuja!" Farghali alipiga kelele, akiwasha guta. Haji alikuwa amemwamuru afuate nyuma: Metwalli akishindwa njiani, mkate uhamie sandukuni. Zeinhom alipanda pembeni ya Farghali bila kuombwa, akashika bomba la kiti kwa mikono miwili.

"Tulia, fundi," Farghali alimwambia. "Mimi sina ubaya na Metwalli. Akianguka nitamwokota."

"Endesha."

Walimfuata kupita kwenye vibaraza vya Darb el-Ahmar. Zeinhom hakutazama kichanja. Alitazama makalio ya mkwewe, na hakuona aibu. Alitafuta kama mtu anahamahama, maana anayebanwa huhamahama. Metwalli alihama mara moja, mara mbili. Zeinhom alihisi jasho likimshuka shingoni. Mara ya tatu haikuja.

Kona ya Bab el-Khalq ilikuwa mbele yao. Basi dogo lilisimama ghafla kushusha watu, mlango ukafunguka kwenye njia ya baiskeli, mguu wa mtu ukatoka. Farghali akatoa pumzi kwa meno. Metwalli alikunja kiuno, kidogo sana, kama anayemnong'oneza mtu, na baiskeli ikafuata papo hapo. Ilipita baina ya mlango na ukingo wa barabara, kichanja kikaelea juu ya kichwa cha yule abiria, ambaye alijikunyata na kunusa mkate.

"Ala!" alisema Farghali. "Umeona?"

Zeinhom alikuwa ameona. Lakini hakupumua, kwa sababu kona haikuwa jambo lenyewe. Baada ya Bab el-Khalq inaanza barabara ndefu ya Muhammad Ali, na huko ndiko mguu ulikokuwa ukifa. Siku ile alipoanguka ulikufa mapema kwa sababu ya pamba. Kwenye kiti cha chuma ulikuwa ukifa katikati ya barabara, mbele ya maduka ya vinanda, na tangu hapo Metwalli alikuwa akiendesha kwa mguu mmoja wenye akili na mwingine wa kuazima.

Maduka yalianza. Vioo vyao vilikuwa bado vimefunikwa. Metwalli akapunguza mwendo.

"Anapunguza," alisema Farghali.

"Naona."

"Amechoka?"

"Sijui. Sogea. Sogea karibu!"

Metwalli akanyanyuka. Alisimama juu ya pedeli zote mbili, mgongo umenyooka, kichanja kimetulia, na kuacha kiti kitupu chini yake. Zeinhom alijua maana ya kusimama hivyo. Ndivyo alivyokuwa akisimama kila ganzi ilipomshika, kujaribu kuurudisha mguu kabla haujaondoka kabisa. Mbele yao lori la saruji lilikuwa likirudi nyuma kutoka kwenye kichochoro.

"Mwambie ashuke!" Zeinhom alimwambia Farghali. "Mwambie tumpokee mzigo!" Kisha hakusubiri, akainuka mwenyewe kwenye guta linalotikisika na kupaza sauti iliyopasuka. "Metwalli! Mwanangu, shuka! Shuka, tunakuja!"

Metwalli hakugeuka, maana mwenye kichanja kichwani hageuki. Gurudumu lake la mbele likapanda tuta lililokuwa chini, ambalo kutoka kwenye guta halikuonekana, likashuka. La nyuma likapanda, likashuka. Akaketi tena. Akalizunguka lori.

Farghali aliongeza gesi wakawa sambamba naye.

"Unausikia mguu?" Zeinhom alifoka. "Niambie kweli! Unausikia?"

"Nausikia!" Metwalli alifoka naye, macho mbele, mishipa ya shingo imesimama. "Nasikia kila kitu! Nasikia kila jiwe la nchi hii! Kushoto panauma, ami, panauma kama jino!"

"Panauma?"

"Panauma sana!"

"Alhamdulillahi," alisema Zeinhom, akakaa chini kwa nguvu kiasi kwamba guta liliyumba.

"Mkwe wako anaumia, unamshukuru Mungu," alisema Farghali. "Nyinyi ni ukoo wa ajabu."

Ataba walikuwa wakisubiri. Wauza maharage walikuwa wameweka masufuria motoni na wateja wamejipanga, wamekasirika kwa njaa. Metwalli aliingia kwenye kichochoro cha kwanza ambako guta liliishia, na Zeinhom akashuka akamfuata kwa miguu, akipita ubavu. Mikate ikatolewa, ikahesabiwa kwa macho tu, ikapasuliwa, mvuke ukatoka. Mzee mmoja mwenye mwiko aligusa mkate kwa nyuma ya kidole, akasema, "Leo una uhai," akageukia sufuria lake.

Metwalli aliegemeza baiskeli ukutani. Aliuegemea mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akasimama kwa wa kushoto peke yake, kama mtoto anayecheza. Zeinhom alijifanya anatazama mnyororo.

Walirudi tanurini kichanja kikiwa kitupu. Haji alikuwa amekwisha kupigiwa simu. Hakutoa hotuba. Alimwangalia Metwalli akishuka, akatazama miguu yake ikigusa ardhi.

"Mguu?"

"Upo, Haji."

"Farghali," Haji aliita, "nenda kinuni ukalete pumba, zimekwisha. Na ukirudi, upeleke mkate wa hospitali, kule njia ni pana." Akarudi kwenye gunia lake.

Metwalli alimsogelea baba mkwe wake. Alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye nyusi, na hakuwa na shukrani usoni, bali uso wa mtu aliye kazini.

"Mto wa kushoto umeinuka," alisema. "Kidogo. Kama ganda la yai."

"Ni mshono. Nitaushusha jioni."

"Usiushushe sana. Nikizama, hatuzungumzi tena."

"Sitaushusha sana."

"Na huyo punda aliyelala mlangoni, mwenyewe amekuja alfajiri kabla hatujatoka, anatukana ukoo mzima. Nenda ukamshonee."

Mikate ya safari ya pili ilikuwa imekwisha kupangwa. Mpakiaji mmoja alikuwa ameingia ndani kunywa maji, kwa hiyo Zeinhom alishika ncha moja ya kichanja. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhania miaka yote aliyokitazama. Alikiinua, akakishusha juu ya kitambaa kilichoviringwa kichwani mwa mkwewe, akahisi uzito ukimtoka mikononi na kuingia kwa mwenzake. Metwalli akakaa. Akauma meno, akajisukuma, akaenda, na Zeinhom akabaki amenyanyua mikono hewani mpaka mwokaji alipomwambia aishushe, anaziba njia.